Neno "Fine" na Mguu wa Mdogo Wangu

Asubuhi za Gendabi, miezi ile ambayo upepo unashuka kutoka Mlima Hanang, zilikuwa na sauti ambayo sijaisikia tena mahali pengine. Upepo uliyatikisa mabati ya shule yetu yakawa yanapigapiga mbao, na chini ya mabati hayo sisi wa darasa la sita tulisimama wima, tumejikunyata ndani ya masweta yaliyotoboka viwiko, tukimwimbia mwalimu kwa sauti moja: "We are fine, thank you, teacher!" Ule mwisho tuliuvuta kama mtu anayewaita ng'ombe walio mbali. Aliyekuwa na funza mguuni aliimba. Aliyekuja bila kutia kitu tumboni aliimba kwa nguvu zaidi, kwa sababu kuimba kulipasha mwili joto. Hakuna aliyewahi kutuambia "fine" ni kitu gani, na hakuna aliyewahi kuuliza. Tulidhani ni maneno ambayo walimu hupenda kuyasikia kabla ya kuturuhusu kukaa.

Mwaka ule tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Rehema, mwanamke mwembamba kutoka Tanga ambaye alikuwa hajawahi kukutana na baridi kama ya kwetu. Alivaa sweta juu ya sweta, na mtandio wake aliuzungusha shingoni mpaka ukamfika kidevuni. Wiki zake za kwanza alitusikiliza tukiimba, akatikisa kichwa, akafungua kitabu. Kisha asubuhi moja hakufungua. Alituacha tumesimama, akauliza kwa Kiswahili, "Fine ni nini?" Akamuuliza kiranja, akatazama sakafuni. Akaniuliza mimi, nikatazama palepale alipotazama kiranja. "Kwa hiyo kila siku mnaniambia kitu ambacho ninyi wenyewe hamkijui," alisema. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba chungu alichokuwa akikikoroga siku zote hakina maji.

Tulikaa na neno hilo wiki nzima. Siku ya kwanza alikuja na chekeche na unga wa mahindi kwenye bakuli, akachekecha mbele yetu, akamwita kila mtu aje kuushika ule uliopita na ule uliobaki juu. Ule uliopita, laini kama vumbi la barabarani wakati wa kiangazi, ndio "fine". Kesho yake alileta uzi wa kushonea na kamba ya katani, akaviweka sambamba juu ya meza. Siku nyingine alitutoa nje, mawingu yakiwa yameondoka mlimani na jua limetoka, akatuonyesha anga. Nayo ni "fine". Halafu alitaka maneno mengine yanayoweza kukaa mahali pa hilo, akatuzuia kabisa kulitumia. Mtu akitaka kusema ni mzima, atafute "well", atafute "healthy", atafute "all right". Uzi uwe "thin". Maneno haya, alisema, ni majirani. Yanaishi karibu, lakini kila moja lina mlango wake. Na alikuwa na agizo moja alilolirudia mpaka tukachoka kulisikia: ukisikia neno usilokuwa na uhakika nalo, mtazame usoni anayelisema, utazame na kile anachokishika au kukionyesha, ndipo ulichukue.

Mwisho wa wiki alisema kwamba neno hilo lina maana nyingine, na hiyo tunaijua tangu tukiwa wadogo, kwa sababu Kiswahili kililichukua zima kama lilivyo: faini. Darasa lote likageuka kunitazama, likacheka. Mwezi uleule ng'ombe wetu walikuwa wameingia usiku kwenye mahindi ya jirani yetu mkulima, na baba aliitwa ofisi ya kijiji. Ng'ombe walifungiwa kwenye boma la kijiji mpaka faini ilipolipwa. Ndama walilia nyumbani, mama zao wakaitikia kutoka kule, na baba alikwenda na kurudi kwa siku kadhaa bila kula vizuri. Kwa hiyo mimi sikucheka. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuingia nyumbani kwetu, na lilikuwa na sura moja tu.

Baada ya hapo ndipo mdogo wangu wa kike, Udameda, alipoanguka. Alikuwa anakimbiza ndama aliyekuwa anaelekea kwenye korongo, ukingo ukamomonyoka, akaenda chini pamoja na udongo. Tulimkuta amekaa, halii, anautazama mguu wake wa kushoto kama mguu wa mtu mwingine. Paja lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Baba alimfunga miti kama alivyowafunga watu wengine na mifugo mingi maishani mwake, na mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo. Lakini paja lilivimba, mtoto akapata homa, na mama, ambaye alikuwa na kichanga kifuani, akasema neno ambalo kwetu mwanamke halisemi mara nyingi kwa mumewe: "Mpeleke leo." Basi lilitupitisha Basotu hadi hospitali ya Haydom, Udameda amelazwa kwenye mapaja ya baba, na kila lilipoingia shimoni baba alimnyanyua kidogo kwa mikono yote miwili ili mshtuko uishie kwake.

Mimi nilikwenda kwa sababu mama asingeweza kumwacha mtoto mchanga, na mgonjwa huhitaji ndugu wa kumpikia na kumfulia. Mwalimu Rehema alinipa ruhusa. Nilipokwenda kumuaga alinivua sweta langu lililotoboka, akanivalisha moja la kwake, akasema, "Huko kuna wageni wanaosema Kiingereza. Fungua masikio."

Hospitalini walimlaza Udameda chali, wakaufunga mguu wake kwa bandeji, na kwenye bandeji wakaunganisha kamba iliyopita juu ya kapi, kile kigurudumu kidogo kwenye chuma cha kitanda, ikaning'inia upande wa pili na uzito mzito. Mchana na usiku mguu ulivutwa. Nesi wa wodi ile, Paulina, Mmbulu mwenye sauti ya chini na hatua za haraka, alituambia itachukua wiki nyingi na kwamba kamba isiguswe. Baba aliitikia, lakini alikuwa anawaza mifugo aliyowaachia watoto wa kaka yake. Kesho yake alirudi nyumbani. Nilibaki na mdogo wangu. Nilijifunza kumwosha bila kumsogeza, kumlisha uji akiwa amelala, na kumtungia hadithi za watu waliopita dirishani. Asubuhi daktari mgeni, kijana wa Kizungu ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kinatambaa, alipita na Nesi Paulina, akaupapasa mguu, akasema kwa Kiingereza, "Fine." Mara ya kwanza nilipolisikia nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Nilimtazama usoni, nikautazama mkono wake ulivyolala juu ya paja, nikalichukua. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuelewa neno la Kiingereza lililosemwa na mtu ambaye hakuwa mwalimu wangu.

Baba alirudi mwezi ulipokuwa umeandama tena. Alikuja na siagi na maziwa ya mgando, shuka lake jekundu limejaa vumbi la safari. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya kitanda wakati wa raundi ya madaktari, fimbo ameiacha nje kama alivyoambiwa, mikono haijui pa kwenda. Siku ya pili alisimama vilevile. Jioni yake nilikuwa kwenye banda la kupikia, nyuma ya mikaratusi, nakoroga ugali katikati ya moshi wa mafiga ya watu wengine, nikamwona anakuja. Alichuchumaa upande wa pili wa moto.

"Kusanya vitu vyenu," aliniambia kwa lugha yetu. "Kesho asubuhi, kabla hawajaanza kupita, namfungua mtoto tunaondoka."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Baba, mguu haujapona."

"Hawakumfunga kwa ajili ya mguu. Wamemfunga kwa sababu ya faini. Nimemsikia yule daktari kwa masikio yangu, jana na leo. Anashika mguu, anamtazama nesi, anasema faini. Na nesi anakubali kwa kichwa."

"Faini ya nini, baba?"

Alichukua kijiti akakisukuma motoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. "Ya kumchelewesha. Nilikaa naye nyumbani nimemfunga miti. Walijua tangu tulipofika. Sasa wamemshika kama walivyowashika ng'ombe wangu, na kadiri wanavyokaa naye ndivyo inavyokua."

Kiswahili cha baba kilikuwa cha mnadani na cha ofisi ya kijiji, na kule alikojifunzia, neno lile halikuwahi kusemwa kwa wema. Lakini kilichonishtua ni sura yake. Baba yangu alikuwa mtu ambaye watu wazima walipunguza sauti akipita. Pale motoni nilimwona anaona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kuamini kwamba yeye ndiye aliyemuumiza mtoto wake mara ya pili. Alikuwa amekaa nayo siku mbili peke yake.

Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba amekosea. Nilianza mbali. Nilimwambia mwalimu wetu alituletea unga na chekeche. Akasikiliza. Nikamwambia habari za uzi na kamba, na anga baada ya mawingu. Akaendelea kusikiliza. Nikamwambia kwamba Wazungu wana neno la faini, na neno lingine linalofanana nalo kama pacha, na hilo la pili ni la kusema kitu kiko salama.

"Kwa hiyo nilichosikia si faini?"

"Ni neno hilohilo, baba. Umelisikia sawasawa. Ila wako wawili."

"Watu wawili wakiwa na jina moja, tunawaita na majina ya baba zao ili tusiwachanganye," alisema. "Hawa hawana akili ya kufanya hivyo?"

"Sijui, baba. Mwalimu alisema tumtazame usoni anayelisema. Daktari alipolisema, uso wake ulikuwaje?"

Alifikiri. "Alikuwa anatabasamu."

"Sasa mtu anayetoza faini anatabasamu?"

"Mtendaji wa kijiji alitabasamu alipoandika ya kwangu," alisema baba.

Tulikula. Alipomaliza alinawa, akasimama, akaniambia kesho nitamuuliza daktari mbele yake. Daktari akisema ni ile ya pili, tutakaa. Akisema ni ya ofisini, tutaondoka na hakuna mtu atakayemzuia.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kusimama kando ya kitanda, shuka la Udameda amelitundika begani, tayari. Udameda alitutazama mmoja baada ya mwingine. Daktari alipofika kwetu, akauinamia mguu, akasema neno lake lilelile. Nilisogea mbele. Sentensi niliyoikariri tangu kuamka ilinitoka vipande vipande. "Doctor, please. You say fine. It is good, or it is to pay?"

Daktari alisimama wima, akanitazama kwa mshangao, akafurahi kwamba nasema Kiingereza. Lakini alichokichukua katika maneno yangu yote ni lile la mwisho, la kulipa. Akanijibu kwa upole, taratibu, kwamba nisijali, mambo hayo ni baadaye, kule "office". Na "office", jamani, hata baba alilijua. Ofisi! Sikuwa nimefunga mdomo mkono wa baba ulipofika kwenye kamba.

Nesi Paulina aliita, "Baba, hapana!" Mimi nilipiga kelele, na kilichotoka ni yale maneno ambayo Mwalimu Rehema alitulazimisha kuyatafuta siku aliyotuzuia kutumia lile moja. "Not pay! The leg! The leg is well? Healthy? All right?" Niliyatupa yote kwa pamoja, sikujua lipi litafika. Daktari alinitazama. Kisha akamtazama baba, shuka begani, vidole vimeshika fundo la kamba, na nikaona usoni mwake anaelewa. Hakumnyang'anya kamba. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa baba, akauacha hapo, akatafuta Kiswahili chake neno moja moja. "Mguu mzima. Mguu mzuri sana. Faini hapana. Hapana kabisa."

Nesi Paulina ndiye aliyemalizia. Alimwamkia baba upya, "Shikamoo, baba," kana kwamba siku ndiyo inaanza, akamwonyesha kwa mikono yake miwili jinsi mfupa uliovunjika unavyopandana, na jinsi uzito unavyouvuta ukae mwisho kwa mwisho mpaka ushikane. Baba aliachia fundo. Aliuliza swali moja tu. "Na kama ningemfungua leo?"

"Ungeshikana umepandana," alisema Nesi Paulina. "Mguu huo ungekuwa mfupi kuliko mwenzake maisha yake yote."

Baba alilishusha shuka begani, akamfunika nalo Udameda mpaka kifuani, akatoka nje. Nilimwona dirishani amekaa chini ya mikaratusi, amejifunika uso kwa viganja. Alirudi, na mchana alinikabidhi sehemu yake ya siagi, akakaa kunitazama mpaka nilipoimaliza.

Tuliporudi Gendabi, Udameda akitembea kwa magongo aliyochongewa na baba, safari ya kwanza aliyoifanya baba ilikuwa ya shuleni. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Alimkuta Mwalimu Rehema nje ya ofisi anaota jua, akampa kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili, na mimi nikasimama katikati kutafsiri pale Kiswahili chake kilipokwama. Mwalimu, mtu wa pwani, alinusa harufu ya moshi ambao kwetu hufukiziwa kibuyu, akafumba macho, akanywa mpaka baba akaridhika. Kisha baba akamuuliza ni kweli kwamba neno lile lina maana nyingi. Mwalimu akamtajia zote. Baba akahesabu kwa vidole, akasikitika. "Sisi kwa rangi za ng'ombe tu tuna maneno ambayo huwezi kuyamaliza leo," alisema. "Hawa wenzetu ni maskini. Neno moja wanalifanyisha kazi mpaka linachoka." Mwalimu alicheka hadi sweta la juu likamteleza begani. Baba hakucheka. Alingoja anyamaze, akasema, "Huyu binti, akimaliza darasa la saba, asiachie hapo." Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba nitakwenda sekondari. Nyumbani mpango ulikuwa mwingine, na kila mtu aliujua.

Leo ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari huko Babati. Baba ameshatutoka. Udameda ameolewa upande wa Dirma, ana watoto na mbuzi wengi, na akija kunitembelea hushuka kwenye basi na gunia la vitunguu kichwani, akaja moja kwa moja barabarani, mgongo umenyooka, kwa mwendo ambao mimi siuwezi. Wanafunzi wangu wana simu. Nikiandika neno ubaoni, kabla sijaweka chaki chini kuna aliyekwisha kupata maana zake zote, na nyingine mimi mwenyewe sikuwa nazijua. Siwaonei wivu wala siwalaumu. Nilipokuwa wa umri wao ningetoa chochote kupata chombo kama hicho. Lakini ninapowaona wanasoma maana ya kwanza na kuifunga simu, humkumbuka mwanamke aliyetuacha tumesimama kwenye baridi na kukataa kuendelea.

Mwaka jana nilimpata kwa simu. Amestaafu, anaishi Muheza, sauti yake imekuwa nyembamba zaidi lakini ni ileile. Nilimsimulia yote: unga, chekeche, hospitali, mkono wa baba kwenye kamba.

"Mwanangu," alisema, "hilo somo silikumbuka hata kidogo. Maziwa ya baba yako nayakumbuka. Lakini hilo somo, hapana."

Nilimwambia si kitu, mimi nalikumbuka. Nikamshukuru, na nikagundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kumwambia asante kwa mdomo wangu.

"Na mguu wa huyo mtoto?" aliuliza.

"Hata ukiambiwa uchague ni upi uliovunjika, mwalimu, hutaujua."

"Alhamdulillahi," alisema, kisha akaniomba nimsimulie tena tangu mwanzo, polepole, ili safari hii aweze kukumbuka.